Chili Niliyompikia Zakaria

Mwanangu Haika,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini yako niliiona jana kwa macho yangu ulipokuwa unakunja nguo kwa Shangazi Manka, na yangu unaijua. Nina mume wa wiki tano na binti anayeondoka kesho, na leo nimetia chumvi kwenye chai mara mbili. Asubuhi nilimsikia Zakaria anapiga mluzi uani huku akitengeneza mlango wa banda la kuku, moyo ukanijaa raha mpaka nikaacha kuosha vyombo nimsikilize vizuri. Papo hapo nikakumbuka kesho, nikalia. Kisha akaingia akaniuliza nyundo iko wapi, nikacheka, na yeye akaondoka bila nyundo. Sijui mtu mwenye akili timamu anafanyaje na siku ya namna hii.

Sasa ameingia zamu ya jioni kiwandani, nami nimekaa mezani katika vyumba vyetu hivi viwili katikati ya miwa. Nakuandikia kwa sababu kesho stendi ya Moshi kutakuwa na Shangazi, na wanakwaya, na mchungaji, na kila mtu atataka kukushika mkono, nami nitasema maneno ya stendi: umechukua sweta, vyeti umeviweka wapi. Hayo humu sitayaandika. Una miaka ishirini, umemaliza mwaka mzima wa jeshi ukarudi umenenepa. Huko Marekani unakokwenda kusoma hutashindwa na sweta.

Nataka kukuandikia habari ya chili, ile nyama yetu ya pilipili, kwa kuwa unakwenda nchi ilikotoka, na kwa kuwa ndiyo iliyotukosanisha mimi na wewe, ingawa hatujawahi kusema hivyo.

Habari ya Madam Karoli nimekusimulia mara nyingi, lakini nusu tu. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya uhuru, mimi niko kidato cha tatu, naye ametoka Teksas kuja kutufundisha Kiingereza na jiografia. Jumamosi alikuwa anatuita wasichana wanne nyumbani kwake, pale mwisho wa uwanja wa shule, tumsaidie jikoni tupate kuzoea kuongea. Mama yake alikuwa amemtumia kopo la pilipili kavu, ndefu, pana, nyeusi kama ngozi ya kiatu cha zamani. Alizikausha kidogo kwenye kikaango, akaziloweka, akazisaga, halafu akakata nyama vipande vidogo sana, akatia bizari nyembamba, akaiacha sufuria ichemke polepole tangu saa nne mpaka saa tisa. Sisi tuliokulia kwenye mtori wa ndizi na maziwa tulikaa mbali na jiko tukipiga chafya. Rafiki yangu mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Huyu hapiki chakula. Huyu anapika dawa."

Basi akapakua, akakaa, akala kijiko cha kwanza, machozi yakamtoka. Tukamkimbilia na maji. Akatikisa kichwa, akatuambia kwa Kiswahili chake kilichopinda, "Siyo kali. Siyo kali hata kidogo. Hii ni nyumbani tu."

Alitueleza kwamba kwao mtu akinyeshewa, akiachwa na mchumba, akifeli mtihani au akirudi kutoka mazikoni, mtu wa nyumbani humpikia chili. Kila nyumba ina yake, na kila nyumba inaamini ya jirani imeharibika. Kwao ukitia maharage ni kosa. Kaskazini, huko kwenye baridi unakokwenda wewe, wanatia maharage na nyanya nyingi na pilipili kiduchu, na yeye alilisema jambo hilo kwa huzuni ya kweli, kama mtu anayesimulia ndugu aliyepotoka. Nilionja. Moto ulikuja kwanza, lakini chini ya moto kulikuwa na utamu wenye moshi, na joto lililoshuka likakaa kifuani. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Niliipenda dunia yote siku ile, nikaapa kwamba nitakayempenda nitampikia hiki.

Nusu ambayo sijakusimulia ndiyo hii. Nilipoolewa na baba yako nilishuka mpaka soko la Majengo kutafuta zile pilipili nyeusi. Bizari nilipata, pilipili sikupata. Nikanunua pilipili kichaa. Madam alikuwa anatia nane, nami nikatia nane.

Baba yako alikula. Kamasi zinamtoka, masikio yanawaka moto, anakula. Bibi yako akapita mlangoni akamwona, akasimama. "Mwanangu, umefiwa na nani?"

"Hapana, mama," akasema. "Nimeoa."

Ukoo mzima ulicheka neno hilo kwa miaka, nami nilicheka kuliko wote, nikaamini kwamba chakula changu kimempendeza. Nikampikia miaka kumi na minne. Alipougua ule ugonjwa wa mwisho nikamuuliza nimpikie nini, akaniambia, kwa upole sana, kwamba angependa mtori. Nikasema nitamfanyia chili pia. Akanishika mkono. "Mama Haika, mimi pilipili sijawahi kuipenda. Nilikuwa napenda unavyonitazama nikila."

Nilitoka nje nikakaa chini ya migomba. Sikujua kama nimependwa sana au nimeishi na mtu miaka yote hiyo bila kumuuliza swali moja dogo. Mpaka leo sijui. Nadhani ni vyote viwili, lakini havikai pamoja kichwani mwangu.

Baada ya mazishi hakuna aliyekula. Ilikuwa Julai, ukungu umeshuka mpaka kwenye mlango, kahawa inadondosha maji mchana kutwa. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Ulikuja jikoni ukasema, "Mama, pika ile ya Madam." Nikapika. Tulikula sakafuni sisi wawili tumefunikwa blanketi moja. Shangazi Manka akaingia, akanusa, akashika kiuno.

"Nyumba ya msiba inanuka pilipili? Mjane anayekula moto anatafuta nini?"

Wewe ndiye uliyemjibu. "Anatafuta usingizi, shangazi. Hajalala wiki mbili."

Shangazi akavuta kigoda, akaomba kijiko. Akasema ni chakula kibaya sana, akamaliza.

Tangu hapo chili ikawa yetu. Hatukukubaliana kwa maneno, lakini ilikuwa yetu. Ukirudi kutoka bweni, Jumamosi ya kwanza tunapika. Tulipanda miche ya pilipili kule mpakani mwa kihamba, shamba letu la nyumbani, mahali pekee ambapo migomba inaacha jua lifike. Tulitoa mbegu, tulikausha juu ya jiko ziingie moshi, na wewe, una miaka kumi na mitano tu, ndiye uliyegundua kwamba pilipili hoho zikikaushwa, zikakaangwa bila mafuta na kusagwa, zinaleta ule utamu wa Madam ambao mimi nilikuwa nautafuta tangu kabla hujazaliwa. Ulionja ukasema, "Bado chumvi." Hukunisifu hata siku moja, Haika. Ulikuwa unasema umeunguza bizari, mama, au nyama hii ni ya ng'ombe aliyestaafu. Nami nilikuwa najiona nina mtu.

Sasa nifike kwa Zakaria, na unisamehe mkono wangu ukikimbia, maana nikiandika jina lake tu naona karatasi haitoshi.

Ulikuwa jeshini. Kwaya ya watu wa kiwandani ilipanda kuja kuimba kwetu siku ya mavuno, wakagawanywa nyumba za kula, na mimi nikapewa watatu. Mmoja alikuwa fundi mitambo kutoka Muheza, mrefu, mashati mawili maishani na yote safi. Nikaweka ndizi na nyama. Akatazama meza huku na huku, akauliza kwa aibu, "Mama, samahani, hapa mlimani hamna pilipili?" Wenzake wakamcheka kwamba sasa ataondoka na njaa. Nikatoka, nikachuma ya mpakani, nikamletea. Aliitafuna nzima, akafumba macho, akasema, "Hii imelelewa." Haika, mwanangu, mimi ni mtu mzima, nina jino limetoka, lakini nilisahau kumpa maji aliyeomba maji.

Alirudi. Kila Jumapili ya pili alipanda kutoka barabara kuu kwa miguu, viatu mkononi kwa sababu ya tope, na sukari ya mgao wake imefungwa kwenye gazeti, wakati ule sukari dukani ilikuwa habari ya kusimuliwa tu. Hakuniuliza kama nitaolewa. Aliniuliza napenda chai yangu iweje. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo. Nilisimama nafikiri, nikagundua sijui, tukacheka mpaka ng'ombe akageuka.

Na kwako niliandika barua nane mwaka ule. Niliandika habari za ng'ombe, za paa, za kahawa iliyopata ugonjwa, za mtoto wa Shangazi kupata kipaimara. Jina la Zakaria halimo katika hata moja. Kila mara nilisema barua ijayo. Nilikuwa nasubiri nipate maneno mazuri, na furaha yenyewe ilikuwa inanichanganya, nikiishika naona kama nimeiba mahali.

Ulirudi siku moja kabla ya siku uliyosema. Jumamosi. Ukamkuta amekaa kwenye kigoda cha baba yako, sahani ya chili magotini, jasho linamtiririka, anacheka, na mimi nimeegemea mlango namtazama akila.

Ulimsalimia vizuri. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," akasema maskini, hakujua.

Ukanigeukia. "Naona umepata mlaji, mama." Ukachukua begi lako, ambalo lilikuwa hata halijagusa sakafu, ukaenda kwa Shangazi.

Kwa nini nilimpikia chili? Ningeweza kupika kiburu cha ndizi na maharage. Ningeweza kupika wali. Nimejiuliza swali hili usiku na mchana, na kila jibu linakaa siku mbili kisha linaharibika. Kuna siku naona nilitaka kumpa kitu kilicho bora nyumbani mwangu, na hicho ndicho kilichokuwa bora. Kuna siku naona nilichoka kukisubiri mpaka likizo. Na kuna siku, hii ni ngumu kuiandika, naona nilitaka tu kumwona mwanamume anakula na kupenda kwa kweli, safari hii. Lakini kilikuwa cha watu wawili, nami nikakigawa bila kumuuliza wa pili. Baba yako sikumuuliza anapenda nini, wewe sikukuuliza unaridhia nini. Naona ni kosa lile lile limevaa nguo nyingine.

Ndoa ilipotangazwa, ukasema harusini hutakuja. Hukugomba, ulisema tu. Na hapo nikafanya lile ninaloliandikia barua hii.

Nilikata jani la isale, lile la kuombea radhi, nikalifunga fundo, nikampelekea Shangazi Manka akupe.

Shangazi aliligeuza geuza mkononi. "Mzazi kumtumia mtoto isale? Mimi sijaona."

"Wewe mpelekee tu."

"Atapokea. Huyu tumemlea sisi. Lakini..."

"Lakini nini, wifi?"

"Lakini hakuna. Lete."

Ulikuja. Ulisimama nyuma yangu kanisani, ulinishikia maua, uliwapakulia wageni wa Muheza, ulimwita Zakaria baba mbele ya watu. Na mimi nilicheza, Haika. Nilicheza mpaka kiatu kikakatika, nikamwambia kila aliyenikaribia kwamba binti yangu amekubali. Nilikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote kuanzia Kibosho mpaka Rombo, na sikukutazama usoni hata mara moja kwa makini.

Tangu siku ile umekuwa na adabu. Shikamoo mama. Umeamkaje mama. Asante mama, nimeshiba. Mlipokuja hapa wewe na Shangazi wiki mbili zilizopita nilipika chili, nikaunguza bizari, niliiunguza kweli, harufu ilifika barabarani. Ulikula vijiko viwili ukasema, "Ni tamu, mama, asante." Shangazi alikuangalia. Mimi nikajifanya natafuta chumvi.

Zakaria ndiye aliyenifungua macho, naye hakukusudia. Juzi alikuwa hana zamu, amekaa anamenya vitunguu, maana mume wangu anamenya vitunguu, siku utakayompata wako umtazame kwanza na kitunguu. Akaniuliza lile jani nililompa Shangazi kabla ya harusi ni la nini. Kwao halina kazi. Nikamweleza kwa fahari kwamba kwetu Uchagani mtu akikosa, hata kosa la damu, akituma isale lililofungwa, aliyekosewa anasamehe.

"Na asipotaka?"

"Hakuna asiyetaka. Isale halikataliwi."

Akamenya kidogo. "Yaani Haika asingeweza kusema hapana."

"Angesemaje hapana? Ni isale."

"Basi sasa utajuaje kama alisema ndiyo?"

Nilimkasirikia. Nilimwambia mambo ya watu asiyoyajua ayaache, yeye na nazi zake. Huo ndio ugomvi wetu wa kwanza, na uliisha jioni kwa yeye kuniletea chai, ya rangi, tangawizi nyingi, vile ambavyo tumegundua pamoja kwamba ninapenda. Niliinywa nikilia. Nilijua amesema kweli. Sikukuomba msamaha. Niliuchukua. Nilitumia jani ambalo mtoto uliyelelewa vizuri huwezi kulikataa, kwa sababu nilitaka harusi yangu isiwe na kivuli.

Jana nilipanda kwa Shangazi ili nikuambie hayo. Nilimvuta kando kwanza, nikamuuliza kama isale linaweza kurudishwa na aliyelituma.

"Kurudishwa?" akasema. "Wewe, mtu akishabatizwa utamrudisha maji?"

"Kwa hiyo haiwezekani."

"Sijasema haiwezekani. Nimesema sijaona. Na la mzazi kumtumia mtoto sikuwa nimeona vilevile, ukaniletea." Akaingia ndani. Mimi nikabaki mlangoni nakutazama unakunja nguo, unazipanga kingo kwa kingo, na ulipoinua uso ukasema, "Karibu ukae, mama," kwa sauti ile ya kumkaribisha mgeni, nikakaa, nikakuuliza habari za sweta.

Kwa hiyo naliandika hapa, na Shangazi atasema anachotaka. Lile isale nalichukua. Mimi ndiye niliyelikata, mimi ndiye niliyelifunga, nami nalifungua. Msamaha ulionipa kwa ajili yake sio wangu, uchukue. Sikuombi radhi kwa kumpenda Zakaria. Nimejaribu kuona vibaya juu ya hilo nikashindwa, nikimsikia anafungua geti nakuwa mtoto, na nisingependa kukudanganya kwa kuweka uso wa huzuni. Lakini barua nane zisizo na jina lake, hilo ni kosa. Kile chakula ni kosa. Na lile jani ni kosa kubwa kuliko yote mawili, kwa sababu lilikunyima nafasi ya kunikasirikia, ukaishia kunisalimia.

Sijui kama nimefanya vema kuyaandika haya saa hizi, wakati ulipaswa kupanda ndege na moyo mwepesi. Labda ningesubiri. Sina hakika na kitu chochote leo ila kwamba nisipoiandika leo, utakwenda upande wa pili wa dunia ukiwa na adabu, na adabu hiyo itadumu mpaka nife.

Kesho stendi watu watatutazama. Wanajua. Watataka kuona unanikumbatia. Usifanye kitu kwa ajili yao, wala kwa ajili ya jani, limeshafunguliwa. Kama ulicho nacho ni mkono, nipe mkono. Zakaria atasimama mbali kidogo, ameshika begi lako, nimemwomba hivyo, na yeye mwenyewe alikuwa ameshaamua.

Ukifika, kama huna la kusema kwangu kwa muda, nyamaza, nitasubiri. Lakini ukikaa siku moja huko kwenye theluji hasira ikakupanda, andika. Andika yote, usipunguze. Niulize nilikuwa nafikiri nini. Majibu mengi sina, ila kila swali nitalijibu, na jina la mtu nitaliandika.

Barua hiyo usianze na shikamoo.

Mama yako,
Ndeshi